Jina la Pili la Bingwa

Jina hupewa mtu kabla hajatenda neno lo lote; sifa hupewa baada ya kutenda. Kwa desturi vitu hivi viwili huandamana maisha yote, hata ikawa kulitaja jina ni kuitaja sifa. Ni ajabu basi kumwona mtu aliyetaabika miaka mingi kupata sifa katika mchezo, akaliweka kando jina lililobeba sifa hiyo, akavaa jina jingine lisilojulikana, akaingia uwanjani kama mtu aliyeanza kucheza jana. Katika insha hii nataka kuuliza kwa nini mabingwa wa michezo ya mtandaoni hufanya hivyo, kisha nipime kama wanatenda haki. Naomba msomaji asinidhanie kuwa adui wa michezo. Kazi yangu ni kuwafundisha walimu, na mchezo nauhesabu kuwa mwalimu mwenzangu. Lakini mwalimu akikosea hustahili kukosolewa kama mtu mwingine.

Kisumu ni mji uliozaliwa na mabadilishano. Wazee husimulia kwamba hata jina lake latokana na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Reli ilipofika ukingo wa Ziwa mwaka 1901 mabadilishano hayo yalizidi, na hata leo, katika soko la Kibuye, samaki wa Ziwa hukutana na mahindi ya nchi kavu. Katika zama zetu vijana wa mji huu wameongeza biashara nyingine: hubadilishana ushindi na kushindwa. Kondele na Nyalenda kuna vyumba vidogo vyenye televisheni na mitambo ya michezo, ambamo vijana hulipa shilingi chache wakashindana mpira wa miguu kwa vidole vya mikono. Wengine hawahitaji chumba. Simu ndiyo uwanja wao, na mpinzani wao aweza kuwa Busia, Mwanza, Muscat, au mji wo wote ambao hawajaufika wala hawatazamii kuufika.

Ili kucheza mtandaoni mtu hufungua akaunti, yaani hujiandikisha kwa jina alipendalo. Akaunti hiyo huwa daftari lake. Mtambo huandika humo kila mchezo alioshinda na kila mchezo alioshindwa, na kwa hesabu hiyo humpa daraja. Bingwa huwa na daraja la juu, mwanafunzi daraja la chini, na mtambo huwakutanisha watu wa daraja moja au madaraja yaliyo karibu. Walakini ni vigumu kumzuia bingwa asifungue daftari la pili kwa jina jingine. Daftari hilo jipya halina habari zake za zamani. Machoni pa mtambo yeye ni mwanafunzi, na kwa wanafunzi ndiko apelekwako.

Desturi hii ina umri wake. Mwaka 1996 wachezaji wawili wa mchezo wa vita uitwao Warcraft II, Geoff Frazier na Greg Boyko, walikuwa wamejulikana mno hata wapinzani wakiona majina yao walitoka uwanjani kabla ya kuanza. Wakajibandika majina mapya, PapaSmurf na Smurfette, yaliyotokana na vikaragosi vya rangi ya buluu ambavyo mchoraji wa Ubelgiji aliyeitwa Peyo alivibuni mwaka 1958. Watu wakawadhania kuwa wachezaji dhaifu, wakakubali kucheza nao, wakashindwa vibaya. Tangu hapo wachezaji wa dunia huiita akaunti ya namna hii smurf. Mimi nitaiita jina la pili, kwa kuwa maneno hayo yaeleza jambo lenyewe.

Kwa mtu aliyelelewa kando ya Ziwa, desturi hii yaonekana kuwa kinyume cha malezi. Wajaluo wana sanaa iitwayo pakruok. Katika sherehe, nyatiti inapolia na watu wamechangamka, mtu husimama, hutoa fedha, muziki hunyamazishwa, naye hujitaja kwa majina ya sifa: yeye ni mwana wa nani, ametoka wapi, rafiki zake ni akina nani, na kwa nini watu wamwogope au wampende. Majina yaweza kuwa mengi, lakini yote humwelekea mtu mmoja aliyesimama mbele ya macho ya watu. Katika pakruok mtu huongeza majina ili ajulikane zaidi. Katika mchezo wa mtandaoni huongeza jina ili asijulikane kabisa. Tofauti hii ndiyo iliyonituma kutafuta sababu.

Sababu ya kwanza haitajwi sana, lakini mimi naiona kuwa mzizi wa nyingine. Inatokana na haki ya mtambo wenyewe. Arpad Elo, mwalimu wa fizikia huko Marekani aliyezaliwa Hungaria, alitengeneza hesabu ya kupima nguvu za wachezaji wa sataranji. Chama cha sataranji cha Marekani kiliikubali mwaka 1960, na shirikisho la dunia likaikubali mwaka 1970. Siku hizi michezo mingi ya mtandaoni hutumia hesabu hiyo au nyingine zilizozaliwa nayo. Kwa kanuni yake, wachezaji wa daraja moja hutazamiwa kugawana ushindi nusu kwa nusu. Mmoja akimzidi mwenzake kwa alama 200, hutazamiwa kupata kama 76 katika kila 100 zinazogombaniwa. Akimzidi kwa alama 400, hutazamiwa kupata kama 91.

Sasa tazama matokeo yake. Kwa kuwa mtambo hupenda kukutanisha walio sawa, mtu akiongeza ustadi huongezewa uzito wa mpinzani. Bingwa aliyefanya mazoezi kwa miaka mitano hushinda karibu nusu ya michezo yake. Na mwanafunzi aliyeanza miezi mitano iliyopita, naye hushinda karibu nusu. Zamani bingwa wa ajua kijijini alikuwa bingwa kwa macho na kwa moyo. Aliketi chini ya mti, akamshinda jirani, akamshinda shemeji, akamshinda na mgeni aliyepita njia. Utamu wa ustadi wake aliuonja kila jioni. Bingwa wa mtandaoni amenyimwa utamu huo. Amepanda mlima mrefu, na kila akifika juu hukuta mlima mwingine na watu wenye nguvu kama zake. Hapana shaka moyo wake humwambia ashuke kidogo, apumzike kwa wadogo, aonje tena kitu ambacho amekitolea jasho.

Sababu ya pili ni hofu. Daraja likipanda huwa mali, na mwenye mali huogopa mwizi. Mtu aliyefikia alama alizozitamani kwa muda mrefu huona kila mchezo mpya kuwa hatari ya kuzipoteza. Basi huliacha jina lile kubwa likae kama nguo ya sikukuu sandukuni, na kazi ya kila siku huifanya kwa nguo nyingine. Sababu ya tatu ni mafunzo ya siri. Mchezaji wa mashindano anayetaka kujaribu mbinu mpya hapendi wapinzani waione kabla ya siku yake, nao wamezoea kuyafuatilia magazijuto ya jina lake. Sababu ya nne ni urafiki: bingwa hutaka kucheza timu moja na ndugu yake anayejifunza, na mchezo hauruhusu daraja la juu na la chini kuingia pamoja. Sababu ya tano ni uchovu wa kungoja. Juu kabisa watu ni wachache, na bingwa huweza kukaa muda mrefu kabla ya kupata mtu wa kucheza naye, ilhali chini mpinzani hupatikana mara moja.

Nimezitaja sababu hizi kwa utulivu kwa kuwa si za kudharauliwa. Mhakiki asiyeelewa kosa hawezi kulirekebisha. Tena ni lazima nikiri kwamba jina la pili si kosa kwa nafsi yake. Lugha yetu yenyewe yashuhudia. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, na katika kurasa za mashairi za magazeti yaliyofuata, washairi walijiita kwa lakabu, wakaulizana na kujibizana kwa lakabu hizo, na hapakuwa na mtu aliyedhulumiwa. Mshairi aliyeficha jina lake hakudai kuwa mwanafunzi. Beti zake zilipimwa kwa vina na mizani zilezile zilizowapima wengine.

Kuna mfano mwingine uliofika mbali zaidi. Doris Lessing alizaliwa Uajemi mwaka 1919, akalelewa Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Alikuwa amekwisha kuwa mwandishi mwenye sifa kubwa mwaka 1983, riwaya yake The Diary of a Good Neighbour ilipotoka kwa jina la Jane Somers. Wachapishaji wake wa desturi huko London walikuwa wameukataa mswada huo bila kujua kwamba ni wake. Ulichapishwa kwingine, na kitabu kikauzwa nakala chache. Mwaka 1984 alijitambulisha, akaeleza kwamba alitaka kazi yake ipimwe bila ya msaada wa jina, na kwamba alitaka kuonyesha taabu wanayoipata waandishi wasiojulikana. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi.

Basi pana tofauti gani kati ya mwandishi huyu na bingwa aliyeshuka daraja? Wote wawili walivaa jina la mtu asiyejulikana. Lakini uliza swali moja: nani alilipa gharama ya kinyago? Lessing aliilipa mwenyewe. Alipokea barua za kukataliwa, akakosa wasomaji ambao jina lake la kwanza lingemletea, na waandishi wachanga hawakupokonywa kitu. Bali walipata shahidi mkubwa wa taabu zao. Bingwa aliyeshuka halipi hata senti. Gharama yote hulipwa na mtu aliye mbele yake, ambaye hakuulizwa kama anakubali kuilipa.

Kati ya mifano hii miwili kuna wa tatu, ambao ni mgumu kuuhukumu. Romain Gary wa Ufaransa alipata tuzo ya Goncourt mwaka 1956. Kwa kanuni, mwandishi hupewa tuzo hiyo mara moja tu katika maisha yake. Mwaka 1975 ilipewa mwandishi aliyeitwa Émile Ajar, na baada ya Gary kufa mwaka 1980 ikadhihirika kwamba Ajar ni Gary yuleyule. Kama kazi ya sanaa, jambo hilo lilikuwa ushindi: mtu aliyedhaniwa kuwa ameishiwa alithibitisha kuwa kisima chake hakijakauka. Kama jambo la haki, ni lazima tukumbuke kwamba mwaka huo pana mwandishi mwingine aliyekosa nafasi ambayo kanuni ilikuwa imemwekea. Kinyago kilekile kilifungua mlango wa sanaa na kufunga mlango wa mtu. Mfano huu wanifundisha kwamba kosa halimo katika kubadili jina. Kosa huanza pale jina jipya linapochukua nafasi iliyotengwa kwa ajili ya wengine.

Nafasi hiyo, katika mchezo, ni daraja. Wasomaji wa Kisumu watanielewa upesi nikitumia gorogoro. Gorogoro ni kopo ambalo wachuuzi wetu hupimia nafaka na omena, na gorogoro moja la mahindi huwa yapata kilo mbili. Mnunuzi hana mizani, hulitegemea kopo. Mchuuzi asiye mwaminifu huligonga kopo kitako kikaingia ndani. Kwa nje kopo ni lilelile, kwa ndani limepungua, na mama aliyenunua hugundua nyumbani kwamba unga hautoshi watoto. Daraja la mchezo ni gorogoro la namna hiyo. Linasema kwa watu wote: aliye hapa ana nguvu kiasi hiki. Bingwa anayekaa katika daraja la wanafunzi ameligonga kopo kitako.

Hasara yake yaweza kuhesabiwa. Chukua wachezaji wawili ambao mtambo umewaandikia alama 1,000 kila mmoja, na tuseme kanuni inaruhusu alama 32 kugombaniwa katika mchezo mmoja. Kwa kuwa wameandikwa sawa, atakayeshindwa hupoteza alama 16. Lakini ikiwa mmoja wao kwa kweli ni wa alama 1,400, basi kushindwa naye kulikuwa jambo la kutazamiwa, na haki ilikuwa mwenzake apoteze kama alama 3 tu. Alama 13 zimechukuliwa bila ya haki. Akikutana na watu watano wa namna hiyo katika juma moja, mwanafunzi huyo hujiona anarudi nyuma, ilhali huenda alikuwa anasonga mbele.

Tena kinyago hiki hudai uongo mwingine ili kisianguke. Mitambo mingi siku hizi humpandisha upesi mtu mpya anayeshinda mfululizo. Basi bingwa anayetaka kubaki chini hulazimika kushindwa kwa makusudi. Katika mchezo wa watu wawili humdanganya mpinzani kwa ushindi wa bandia. Katika mchezo wa timu huwaangusha wenzake wanne waliojitahidi kwa dhati. Hivyo huwadhulumu watu anaposhinda, na huwadhulumu wengine anaposhindwa.

Kenya tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Katika michezo ya shule za sekondari huitwa mamluki: mtu mzima aliyekwisha kumaliza masomo, akavishwa sare ya shule ili aisaidie timu kushinda. Wasomaji wengi wa kitabu hiki huenda wamewahi kusimama kando ya uwanja wakamtazama ‘mwanafunzi’ mwenye ndevu akiwapita watoto kama upepo. Hapana anayezisifu chenga za mamluki. Ustadi wake ni wa kweli, mabao yake ni ya kweli, lakini mashindano yenyewe yamekuwa ya uongo. Wenye michezo ya mtandaoni nao wameanza kuona hivyo. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 kampuni ya Valve ilifunga akaunti 90,000 za namna hii katika mchezo wake wa Dota 2, ikaonya kwamba hata akaunti kuu ya mwenye kosa yaweza kuadhibiwa.

Hata hivyo adhabu na alama si kiini cha neno langu. Alama zilizopotea hurudi. Kuna kitu kingine kipoteacho, nacho ni funzo lililomo katika kushindwa. Hapa nitawakumbusha kisa cha Lwanda Magere, ambacho kila mtoto wa nyanda za Kano amekisikia. Shujaa huyo wa Wajaluo alikuwa na mwili wa jiwe. Maadui walimrushia mikuki, mikuki ikapinda. Wakaja tena na mikuki iliyonolewa zaidi, nayo ikapinda. Walishindwa mara nyingi, na kushindwa huko hakukuwafundisha neno, kwa kuwa walikuwa wakipigana na kitu wasichokijua. Siku walipopata habari, kwa njia ya mwanamke waliyemtoa kuwa mke wake, kwamba uhai wake u katika kivuli, mkuki mmoja ulitosha.

Watu husimulia kisa hiki kama onyo la kutunza siri, na onyo hilo ni jema. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, hukisoma pia kwa upande wa wale waliokuwa wakishindwa. Mtu hujifunza kutokana na kushindwa ikiwa anajua ameshindwa na nani. Mwanafunzi akishindwa na bingwa anayemjua, husema: njia ni ndefu, lakini nimemwona aliyeimaliza. Akishindwa na mwanafunzi mwenzake, husema: ananizidi kidogo, kesho nitampata. Lakini akishindwa vibaya na mtu aliyeandikwa kuwa sawa naye, limebaki neno moja tu la kusema, nalo ni hili: mimi ni mjinga. Neno hilo ni la uongo, na aliyelitia kinywani mwake ni bingwa aliyejificha.

Silisemi hili kwa kubuni. Nililitenda mwenyewe. Likizo moja ya Desemba nilikuwa nikicheza sataranji kwa simu kila usiku. Nilishindwa michezo kadhaa mfululizo, daraja langu likashuka, fahari yangu ikajeruhiwa. Nikafungua akaunti mpya, na mtambo uliponiuliza kiasi cha ujuzi wangu, nikajibu kwamba naanza. Kwa siku tatu nilishinda kila mchezo niliotaka kushinda, na nilipoona mtambo unanipandisha, nilishindwa kwa makusudi. Nakiri kwamba usiku wa kwanza nilifurahi sana. Usiku wa tatu nilimshinda mtu mmoja mara nne, naye baada ya mchezo wa nne aliniandikia kwa Kiswahili: ‘Nimeanza kucheza wiki hii. Tafadhali niambie, nakosea wapi?’

Nilijua alikokosea. Alimtoa malkia wake mapema mno, kabla ya farasi na kabla ya kumlinda mfalme, nami nilimfukuza malkia yule huku na huko nikipata hatua za bure. Maneno matatu yangetosha kumwonyesha. Lakini mtu aliyejiandika kuwa mwanafunzi hawezi kueleza namna ile bila ya kujifichua. Nikaandika, ‘Ni bahati tu,’ nikaifunga simu. Nimefundisha miaka mingi, na mara nyingi nimeomba nipate mwanafunzi anayeuliza swali lililonyooka kama lile. Usiku ule nilimpata, nikamjibu uongo ili kinyago kisianguke. Asubuhi niliifuta akaunti. Mwenye swali sikumwona tena, wala sijui kama bado anacheza.

Yawezekana msomaji atauliza: bingwa afanye nini basi, ikiwa juu kunachosha na chini ni haramu? Michezo ya kale ilikwisha kulijibu swali hilo. Paul Morphy wa Marekani, aliyeishi kuanzia mwaka 1837 hata 1884, alipokuwa amewashinda mabingwa wa zama zake alijitolea kucheza na mtu ye yote duniani kwa kumtangulizia askari mmoja na hatua ya kwanza. Katika mchezo wa go wa nchi za mashariki ya Asia, dhaifu hupewa ruhusa ya kuweka mawe ubaoni kabla ya mchezo, hata kufikia mawe 9 kwa desturi. Hapo mkubwa ameshuka kwa mdogo, lakini ameshuka kwa ngazi iliyo wazi. Kila mmoja ajua nguvu za mwenzake. Mkubwa hupata kazi ya kumtoa jasho, mdogo hupata tumaini la kushinda, na hata akishindwa hupata mtu wa kumwuliza. Anayetaka kucheza na ndugu yake asiyejua mchezo na amwalike mchezo usioandikwa alama. Anayetaka kujaribu mbinu mpya kwa siri na ajaribu kwa walio sawa naye, kwa lakabu akipenda, lakini katika daraja lake.

Ukumbi wa pakruok wanipa kipimo cha mwisho, nami nawaachia vijana wakitumie katika mchezo na nje ya mchezo. Baada ya kumshinda mtu, jiulize kama muziki ungesimamishwa hapo hapo, ungeweza kusimama mbele yake ukajitaja: mimi ni fulani, nimecheza miaka mingapi, na hili ndilo daraja langu. Ukiweza, jina lako la pili lilikuwa nguo tu, na mtu ana haki ya kubadili nguo. Usipoweza, kwa kuwa kujitaja kungeufanya ushindi wako uwe aibu, basi ushindi huo si wako. Urudishe kwa mwenyewe kwa njia iliyobaki: mwambie wewe ni nani, kisha mwonyeshe alikokosea.